Shingo ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani ana mkono usiotulia. Kila akimaliza mshono, vidole vyake hupanda shingoni kutafuta uvimbe ambao daktari ameutafuta mara mbili asiuone. Moyo ukianza kumwenda mbio, hunong'ona, "Ee Mola, nimekukabidhi," kisha hukanyaga cherehani kama mtu aliyetua mzigo. Jana mteja mmoja, mdomo wake hauna breki, alimwambia, "Dada, shangazi yangu alianza hivyohivyo kujishikashika. Mwezi haukuisha, tukamzika." Fundi akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Alipoyafumbua, alichukua utepe wa kupimia. "Shingo yangu ina mwenyewe, mwenzangu. Wewe nyoosha mgongo, nikupime kiuno." Mteja akanyoosha mgongo, kimya, mpaka vipimo vikaisha.