Magoti Mlangoni kwa Murielle

Hyasinta aliolewa kwao Morogoro na Mzwandile, mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Ubaguzi ulipoanguka akamfuata mumewe Johannesburg, na mpaka leo anashona nguo katika chumba kimoja cha barabarani, mtaa wa Kensington. Mzwandile alirudi akitegemea kazi jeshini. Jina lake halikuonekana kwenye orodha ya wapiganaji waliochukuliwa. Akaambiwa angoje, akangoja, na katika kungoja akajifunza kunywa.

Hyasinta alijaribu kila njia. Alimnunia, alimlilia, alimwaga chupa, alimpeleka hospitali mara mbili. Mara ya pili Mzwandile alikaa mwezi mzima bila kugusa tone, akanenepa, akaanza hata kuwatania wateja. Kisha Jumamosi moja akaenda kunyoa, akarudi kesho yake.

Binti yao Leonida anafundisha historia sekondari. Siku moja alikuwa mezani akisahihisha insha za wanafunzi kuhusu wanamageuzi wa Marekani wa karne ya kumi na tisa: waliopinga utumwa, waliodai kura za wanawake, waliopiga vita pombe.

"Hao wa pombe walifanyaje?" mama akauliza.

Leonida akamweleza, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili cha kuokoteza. Huko Ohio, wakati wa baridi ya mwaka 1873, wanawake walikwenda makundi kwa makundi kwenye baa, wakapiga magoti, wakaimba na kusali. Wenye baa wengine walishindwa kuvumilia, wakamwaga mapipa barabarani.

"Wakamwaga kweli?"

"Wakamwaga, Mama."

Hyasinta hakutaka kusikia zaidi. Kesho yake alimweleza jirani yake Clémentine, msusi Mkongo, kwamba anataka kwenda kupiga magoti kwenye baa ya Murielle, anakonywea Mzwandile.

"Miye pia nitaenda," Clémentine akasema. "Bwana yangu naye anakunywaka palepale."

Jumamosi saa nne asubuhi wanawake sita walipiga magoti kwenye lami mbele ya baa ya Murielle, wakaanza kuimba. Ndani redio ikazimwa. Murielle akatoka akijifuta mikono. Alikuwa mjane wa Lubumbashi, na kanisani alikaa benchi la nyuma yao.

"Mama Leonida," akasema, "nikifunga, watoto yangu watakula nini? Na bwana yako ataenda tu kwa wengine."

Halafu naye akapiga magoti, akalia. Hyasinta hakuwa amejiandaa kwa hilo. Wimbo ukafifia wenyewe, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Ndipo Mzwandile akatokeza, ameshika fremu ya mlango. Akashuka taratibu, goti moja, kisha la pili, mbele ya mkewe.

"Unaniombea mimi?" akauliza, kwa Kiswahili kilekile alichomchumbia nacho.

"Nakuombea wewe."

"Omba sana, mke wangu. Mimi nimeshindwa."

Akafumba macho, na waliposali aliitikia amina kuwashinda wote. Kisha akajiinua kwa kushika bega la Clémentine, akamwomba radhi, akarudi ndani.

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne. Ya tatu, wawili. Jioni ya siku hiyo Hyasinta akamuuliza bintiye, "Na wale waliomwaga mapipa, iliishia wapi?"

"Wengi walifungua tena, Mama. Hata mwaka haukupita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishaondoka mezani."

Mwezi wa sita miguu ya Mzwandile ilivimba. Daktari akasema ini limechoka, na akasema wazi kwamba akiendelea hafiki mbali. Mzwandile alisikiliza, akamshukuru daktari kwa heshima zote.

Siku hizi anakaa kwenye kiti nje ya chumba cha kushonea, anaota jua. Ikifika saa tisa anasimama na kutafuta kofia yake. Hyasinta ameacha kumfungia mlango, maana mara ya mwisho alitoroka kupitia dirishani akaumia nyonga. Anaiacha cherehani, anamfunga vifungo vya koti mpaka shingoni kwa sababu ya baridi, anamtazama akivuka barabara kwenda kwa Murielle.