Jiwe la Koko Juu ya Kokoti

Juzi nimenunua sufuria ya presha ya umeme. Ina vitufe, ina taa ya kijani, na ikimaliza kazi yake inaimba kawimbo kadogo. Nikatia maharagi mekundu, vitunguu, seleri, pilipili hoho na vipande vya soseji, nikafunika, nikabonyeza. Binti yangu akaendelea kuchora pale pale mezani, hatua mbili kutoka sufuria. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nikajikuta nimesimama kwenye korido, mgongo umeshika ukuta, nasubiri. "Maman, unaogopa nini?" akaniuliza. Nikacheka tu. Lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza, maana hofu hii ina kwao. Ilizaliwa mtaa wa Saint-Josse, huku Ulaya, nilipokuwa na miaka tisa.

Tulikaa ghorofa ya kwanza ya nyumba moja nyembamba, yenye ngazi za mbao zilizokuwa zikilia kila mtu akipanda, hata ukivua viatu. Chini kulikuwa na duka la nyama la Mturuki. Jiko letu lilikuwa nyuma, dogo, na dirisha lake lilitazama ua ambao jua halikuwahi kuuona. Papa alifanya kazi kiwandani kule mtaa wa Forest, maman aliwahudumia wazee katika nyumba ya wazee. Jumatano shule zilifunga saa sita mchana, kama zinavyofunga mpaka leo, na Jumatano ndiyo siku maman alirudi amechelewa. Kwa hiyo Jumatano ilihitaji chakula kinachojipika chenyewe.

Chakula hicho tulipewa na jirani wa ghorofa ya tatu. Alikuwa mama mzungu kutoka Louisiana, kule Marekani, na alisema Kifaransa cha ajabu alichorithi kwa bibi zake. Watu wa kwao wanaitwa Wakajuni. Papa alisema ukimsikiliza bila kumtazama utadhani ni kizee cha miaka mia mbili. Siku moja alisikia harufu ya maharagi yetu, akashuka na kijiko mkononi bila aibu yoyote. Toka siku hiyo yeye na maman wakawa marafiki. Alimfundisha kukaanga kwanza vitunguu, seleri na pilipili hoho mpaka vilainike, kutia kitunguu saumu, majani ya thyme na pilipili ya unga, halafu maharagi na soseji ya moshi, na wali upikwe pembeni. Kwao walikula hivyo siku ya kufua nguo. Soseji ilipaswa kuwa ya nguruwe, lakini yule Mturuki angetufukuza na kisu. Jirani akanusa soseji yake ya ng'ombe, akasema Mungu atasamehe.

Yeye ndiye aliyetugawia sufuria ya presha, ile yake ya zamani, aliponunua mpya. Sisi tuliiita kokoti. Ilikuwa nzito, kifuniko chake kilibanwa kwa chuma na skrubu, na juu kabisa kulikuwa na kichwa kidogo ambacho mvuke ukijaa kilizunguka na kutoa sauti: tsss, tsss, tssssss. Rafiki yangu, niliiogopa kokoti ile kuliko mbwa, kuliko mwalimu, kuliko giza. Ikianza tu kutetemeka nilikimbilia korido na kuweka vidole masikioni.

Jirani aliniona. Hakunicheka. Alisema mtu anayeiogopa ndiye anayefaa kuichunga, akaniandikisha kanuni nne nyuma ya daftari langu la hesabu. Usijaze kupita nusu. Ikianza kulia, punguza moto. Usifungue mpaka inyamaze yenyewe. Na ya nne akaipigia mstari mara mbili: usizibe kamwe pale juu, maana mvuke ukinyimwa njia utajitafutia nyingine.

Majira ya baridi yale akaja Koko, mama yake maman, kutoka Bukavu. Uwanja wa ndege sanduku lake liliwashinda watu wawili. Nyumbani tulipolifungua tukakuta sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaushwa, unga wa muhogo, vitenge, na katikati, limefungwa ndani ya taulo, jiwe. Jiwe kweli, jeusi, laini, saizi ya mkate.

"Maman," papa akamwambia mkwe wake kwa heshima yote, "kwani huku Ulaya hakuna mawe?"

"Iko," Koko akajibu. "Lakini haiko yangu."

Lilikuwa jiwe lake la kusagia pilipili, lakini lilikuwa na kazi ya pili. Kule nyumbani, maharagi yakiwa kwenye makaa, Koko alilitua juu ya kifuniko ili mvuke usitoroke. "Mvuke njo unaivisha," alikuwa akisema. "Ukiuacha uende, unapikia majirani."

Wiki ya pili maman akaamua kwamba sasa Koko atapika yale maharagi ya Jumatano. Akaniambia, huku anavaa koti, "Bon, ile daftari yako, umusomee Koko. Vyote vine. Umesikia?" Nikasema ndiyo, maman.

Sasa niambie, ningeanzia wapi? Kwetu mtoto anakaa karibu na mkubwa, anachagua maharagi kwenye sinia, anatoa vijiwe, analeta maji, ananyamaza. Hamwambii mwanamke aliyelea watoto wanane kwa moto wa makaa namna ya kupika maharagi. Tena Koko alikuwa na msemo wake wa kila siku: asiyesikia la mkubwa huvunjika mguu. Sikuwahi kusikia kitu kinachovunjika kwa mkubwa asiyesikia la mtoto. Jumanne jioni nilijaribu.

"Koko, ile kokoti..."

"Eh, ile kokoti nini?"

Nikamwangalia. Akaniangalia.

"Ni nzito," nikasema.

Akacheka, akanipa karanga. Maman aliporudi akauliza kama nimemweleza Koko. Nikasema ndiyo. Uongo mweupe, na macho makavu.

Basi Jumatano ikafika. Nimerudi shule, nimekuta Koko jikoni amemfunga mdogo wangu mchanga mgongoni kwa kitenge, mtoto amelala, shavu limekandamizwa. Vitunguu vilikuwa vimekwisha kukaangwa, na Koko alikuwa ametia na mawese, maana bila mawese kwake hicho hakikuwa chakula. Nikachagua maharagi ya mwisho, yakaingia, kokoti ikafungwa. Mimi nikaenda kusimama mahali pangu, kwenye mlango wa korido. Moto ulikuwa mkubwa. Kile kichwa cha kokoti kikaanza kuzunguka. Tsss. Vioo vya dirisha vikalowa.

Koko akautazama ule mvuke unavyopanda mpaka darini. Akatikisa kichwa. "Angalia namna utamu inaenda bure," akasema. Akanyanyua jiwe lake kwa mikono miwili, akalitua pale juu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Sauti ikakatika.

Ukimya ule, sijapata kusikia mwingine kama huo. Koko akavuta kigoda, akakaa kando ya jiko, akaanza kumenya kitunguu saumu, mdogo wangu kichwa kinaning'inia nyuma yake. Mimi niliona ile mistari miwili chini ya kanuni ya nne kana kwamba daftari liko mbele yangu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nilijiambia, sema. Nikajijibu, atajua kwamba ulimdanganya maman. Na unajua mtoto alivyo, rafiki yangu: wakati ule niliogopa kugundulika kuliko kufa.

Nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikimbia. Niliwaacha wote wawili pale kando ya moto nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, nikagonga mlango wa jirani kwa ngumi mbili. Nikagonga, nikagonga. Hakuwepo. Nikasimama pale juu, na chini kimya. Ningeweza kukaa pale. Nataka ujue hilo. Wazo la kukaa lilinijia, nikalisikia vizuri.

Kisha nikasikia mdogo wangu ameamka, analia.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nimeingia jikoni na kokoti inatetemeka, jiwe linacheza juu yake, na sauti nyembamba inatoka pembeni mwa kifuniko, nyembamba sana, kama mbu. Koko alikuwa amesimama anamtikisa mtoto mgongoni, uso wake karibu kabisa na jiwe, analitazama kwa kulishangaa. Nikamshika kitenge kwa mikono yote miwili nikamvuta. Mimi! Nikamvuta nyanya yangu kama unavyovuta mbuzi.

"Toka, Koko! Toka!"

"Weye! Unanivuta miye?" Akanyanyua mkono wa kunizaba. Lakini alikuwa amekwisha rudi nyuma hatua moja, mbili, akavuka kizingiti ili anipate vizuri.

Hapo ikapiga. Paaa! Jiwe likaruka, likaanguka kwenye sakafu na kupasua kigae. Mvuke na mchuzi mwekundu vikapanda mpaka darini, vikarudi chini kama mvua, juu ya jiko, juu ya meza, juu ya kigoda kile kile alichokuwa amekalia. Sisi watatu tulikuwa chini kwenye korido, mmoja juu ya mwingine, mdogo wangu analia kwa sauti ya mwisho. Koko ndiye aliyeinuka kwanza. Akanikabidhi mtoto, akajifunika kichwa kwa kitenge, akaingia akafunga gesi. Akarudi. Akatukagua vidole, masikio, macho, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

Alinivua, akaninawisha, akanivalisha nguo kavu. Halafu tukafuta jiko. Dari hatukulifikia.

Maman aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi. Akatazama dari, kigae, jiwe. Alikuwa amechoka, na hasira ya mtu aliyechoka haina breki. Alinigeukia mimi.

"Nilikuambia umueleze Koko. Ulimueleza ao hapana?"

Nikamtazama Koko. Koko akanitazama, muda mrefu, mpaka nikaona kwamba amejua kila kitu: daftari, Jumanne jioni, "ni nzito", yote. Nikangoja anitaje.

"Mutoto aliniambia," akasema. "Yote aliniambia. Ni miye nilikataa kusikia. Mwachie mutoto yangu."

Maman akakaa kwenye ngazi, akalia, akatukumbatia wote. Na Koko, akiwa ameshikwa hivyo, akatazama juu darini akasema, "Alors, mukubwa asiyesikia la mutoto, anavunja plafond." Papa alirudi akatukuta tunacheka na machozi yanatutoka.

Kokoti ilitengenezwa, jirani alibadilisha kimpira na vali, kile kichwa cha juu, akamfundisha Koko upya kwa ishara za mikono. Kila Jumatano baada ya hapo, kabla ya kuwasha moto, Koko aliita korido nzima isikie: "Muchungaji wa kokoti iko wapi? Kuya unipe ruhusa." Nilikuja, nikasoma kanuni nne kwa sauti, yeye akiitikia "ndiyo" kila moja. Hofu haikuniisha. Nilisoma nikitetemeka, lakini nilisoma. Jiwe likarudi kwenye kazi yake ya pilipili. Doa jekundu likabaki darini, maana mawese hayatoki.

Miaka kumi baadaye Koko alikuwa amelala kwenye chumba chetu cha mbele, mapafu yamechoka, na kando ya kitanda mashine ya oksijeni inapumua badala yake: tsss, tsss. Alasiri moja niliachwa naye peke yangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimepata cheti changu cha sekondari, na nilikaa pale ukingoni mwa kitanda nikiogopa vile vile. Mashine ilikuwa na kelele, na yeye alikuwa amefunga macho. Nikachukua taulo, nikataka kuifunika ili apumzike.

Akafungua jicho moja.

"Acha ipumue," akasema. "Usiweke jiwe."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaanza kulia, na maneno niliyoyameza tangu utoto yakatoka yote kwa mpigo: Koko, sikukuambiaka. Nilimdanganya maman. Sikukusomea hata kanuni moja.

"Najua," akasema. "Nilikuwaka pale."

Akanishika mkono, akalala. Alituacha wiki ile.

Nyumba ya Saint-Josse imeuzwa, dari lake limepigwa rangi, na huenda aliye pale leo hajui kwa nini kigae kimoja hakifanani na vingine. Jirani alirudi Louisiana. Kokoti ilikwenda na chuma chakavu, sijui mwaka gani, na hakuna aliyeniambia. Jiwe ninalo. Liko mezani kwangu, na juzi, wakati ule sufuria mpya inaimba kawimbo kake, binti yangu aliuliza ni la nini. Nikamsomea kanuni zote nne bila daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaizunguka sufuria akiikagua.

"Lakini maman, hii haina hata pa kuweka jiwe."

Kweli, haina. Nikampakulia wali, nikampakulia maharagi, nikarudi kusimama kwenye korido kidogo, pale pangu, na hapakuwa na Koko jikoni wa kumvuta kitenge.