Mfuko wa Sambaza Uliovimba

Sikuhadithiwa na mtu, wala sikuota. Yalinikuta mwenyewe, Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini na jua likichoma bati la jiko langu hapa Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya Bukavu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele hutacheka.

Nilikuwa nauza sambaza wakavu, wale dagaa wa Ziwa Kivu. Katika miaka ile ya vita upande wa Kongo, muuguzi mmoja wa Kizungu alifunga virago akaniachia mashine yake ndogo ya kufyonza hewa. Unatia chakula kwenye mfuko wa plastiki, unashusha mfuniko, mashine inavuta hewa yote, kisha waya wa moto unaubana mdomo wa mfuko. Alinifundisha kwa subira: futa mpira wa ukingoni kila siku, acha waya upoe kabla ya mfuko mwingine, usifunge kitu chenye maji. "Mfuko ukivimba," aliniambia, "utupe, hata kama ndani kunanukia vizuri." Nilielewa. Naomba ulishike hilo, nilielewa vizuri sana.

Sokoni kwetu mtu hanunui sambaza kabla ya kuchota wachache akawanusa. Mifuko yangu haikunuswa. Wateja waliniamini mimi badala ya pua zao, na mimi, niseme ukweli, nilijiona mtu.

Sasa, kulikuwa na Maman Furaha, mfanyabiashara mwenzangu wa Bukavu. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, lakini tulikuwa tumekula sahani moja miaka mingi. Risasi zilipolia kwao akavuka daraja la mpakani na binti yake Furaha, mtoto wa miaka minne. Walilala kwangu siku mbili, kisha wakataka kwenda kwa shemeji yake aliyekaa kijiji cha Giheke. Huku kwetu mgeni wa namna hiyo haondoki bila impamba, chakula cha njiani. Ni aibu ya nyumba nzima. Lakini mvua zilikuwa zimeshika, sambaza wa kisiwa cha Nkombo walinifikia hawajakauka, nami nilikuwa nimewafunga hivyo hivyo. Mifuko michache mizuri ya zamani nilikuwa nimewaahidi wateja. Ukabaki mmoja wa wale wasiokauka, nao ulikuwa umevimba.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua mkasi nikakata mdomo wake. Hewa ikatoka, na harufu kidogo, kidogo tu, nikajiambia ni ya plastiki. Nikaufunga upya. Ukalala bapa, mzuri kuliko yote.

"Maman Aisha, unifungulie kidogo nisikie harufu," aliniomba mlangoni. Mazoea ya soko.

"Hapana, ma chère. Ukifungula sasa itaharibika. Utafungula siku ile mutakuwa na njaa."

Akacheka, akautia kikapuni. Mtoto akanipungia mkono mpaka kwenye kona.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa nafuta ule mpira kwa kitambaa. Nikainua macho, Maman Furaha amesimama mlangoni, kitenge kile kile cha safari. Nilifurahi, wallahi. Nikamwambia karibu, nikauliza mtoto yuko wapi. Aliweka mfuko wangu mezani, na mfuko umejaa hewa, umekaza kama mpira wa miguu.

"Unifungie tena," akasema.

Kope zake zilikuwa zimemshukia nusu jicho, nikadhani ni usingizi. Nikakata, nikafunga. Nilipomkabidhi, mfuko ukavimba mkononi mwangu, taratibu, nikiuona kwa macho haya.

"Maman Aisha, ulijuaka?"

"Kujua nini? Sikujua."

"Unifungie tena."

Nikafunga. Ukavimba. Akauliza vile vile, bila hasira, nikajibu vile vile. Mara ya tatu sikuusubiri waya upoe. Plastiki ikaungua, moshi ukanichoma macho. Niamini, kama angenipigia kelele ningesema kweli. Alikuwa ananisihi tu, kama mtu anayeomba maji.

"Ulijuaka?"

"Naapa sikujua."

Akanitazama kwa zile kope nzito. "Basi. Merci, Maman Aisha." Akatoka. Nikamkimbilia. Pale nje ya lango jirani yangu alikuwa akikaanga sambusa tangu asubuhi. Akaniapia kwamba hakuona mtu akiingia wala akitoka. Nikarudi ndani. Mfuko ulikuwa mezani, bapa, umefungwa vizuri.

Kesho yake shemeji yake alifika kutoka Giheke. Maman Furaha alikuwa amezikwa Alhamisi. Walisema alianza kwa kutapika, kisha macho yakakataa kufunguka, hata mate hakuweza kumeza, pumzi ikamwishia polepole. Mtoto alipona kwa sababu alikataa kula. Alisema wale samaki wanamwasha ulimi. Mama hakutaka kutupa zawadi ya rafiki, akala peke yake. Shemeji alidhani ni maji mabaya. Nikasema, ndiyo, siku hizi maji ni mabaya sana.

Umesikia? Nilimdanganya aliye hai baada ya kumdanganya aliyekufa.

Mfuko niliufukia nyuma ya choo. Mashine sikuigusa tena. Tangu siku ile siwezi kula kitu kabla ya kukinusa, hata wali wangu mwenyewe uliotoka motoni, na wajukuu wananitania. Nimefunga, nimetoa sadaka, nimeomba toba. Dhambi ya Mungu naweza kumwomba Mungu. Hii ni haki ya mtu, na mwenyewe alikuja hadi jikoni kwangu kunipa nafasi mara tatu.

Kwa hiyo wewe, ukiona mfuko umevimba usitafute mkasi, utupe, na mgeni aondoke mikono mitupu. Hiyo aibu itakwisha. Na ukiulizwa kama ulijua, sema siku hiyo hiyo, kwani uwongo ukishalala nyumbani kwako unakuwa mwenye nyumba.

Furaha sasa ni mwanamke mzima. Mwezi uliopita alivuka daraja kutoka Bukavu, alikorudi zamani, akaja kwangu na mchumba wake, akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili.

"Ni weye ulitupatiaka chakula ya mwisho," akaniambia. "Utasimama fasi ya mama yangu kwa harusi."

Nilimwambia ndiyo. Harusi ni Jumamosi hii.