Wiketi ya Mwisho, Liuhua

Juzi niliona kwenye runinga mashabiki wa kriketi wakikumbatiana baada ya ushindi wa wiketi moja. Nikaizima.

Nilikuwa na miaka tisa. Chumba chetu karibu na soko la Liuhua kilinuka gundi ya viatu vipya. Baba na mdogo wake, Ami Salim, walikuwa wakisikiliza kwenye kompyuta mechi ya kaunti ambako Baba alisoma, kule Uingereza. Ilibaki wiketi moja: mpigaji wetu wa mwisho akitolewa, tumeshindwa.

"Hakuna kusogea!" Ami akanionya. "Hapo ulipokaa ndipo penye bahati, mwanangu. Ukiinuka tu, tumekwisha."

Mlango ukagongwa, taratibu. Nilijua ni Lin, rafiki yangu Mchina wa chumba cha pili, amekuja kuniaga. Jioni ile walikuwa wakihamia mkoani kwao. Nilikaa. Niliamini kabisa kwamba mpigaji yule wa Uingereza ananitegemea mimi. Sasa nina shahada mbili, na sijawahi tena kujiona muhimu kiasi kile.

Mpira ukavuka mpaka wa uwanja; tumeshinda. Baba akambeba Ami juu juu, wakapiga kelele kama wendawazimu. Nikakimbilia mlangoni. Lifti ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Rudi, mwanangu!" Ami akaita. "Wewe ndiye uliyetushindia!"