Mjomba Aliyeikataa Katiba

Mwaka wa kura ya maoni, mjomba wangu aligeuka kuwa mtaalamu wa katiba. Hakuwa ameisoma, lakini jambo dogo kama hilo halikumzuia mtu Eldoret mwaka huo. Wataalamu walikuwa wameandika rasimu, wabunge wakajifungia hotelini Naivasha wakaikatakata, bunge likaipitisha, kisha tukaletewa sisi wananchi tuseme Ndiyo au Hapana. Ndiyo ilikuwa kijani, Hapana nyekundu. Kwetu ilitosha kujua rangi.

Nakala zilikuja mjini kwa malori, bure kabisa. Siku moja nilinunua mandazi yaliyofungwa kwa ukurasa wa sura ya uongozi na maadili. Nilipowakumbuka viongozi wetu niliona ukurasa ule umepata kazi inayoufaa.

Mama yangu alitaka nimsomee sura ya ardhi. Alikuwa ameachana na baba zamani, anapanga chumba cha mabati mjini, na kwa miaka mingi alikuwa akimwomba mjomba, kaka yake mkubwa, ekari moja tu kwenye shamba la marehemu babu kule Plateau. Ekari ya kujenga na kupanda mahindi, basi. Jibu halikubadilika: msichana akishaolewa, kwao ni kule alikoolewa. Nilipofika mahali paliposema mila za kuwabagua wanawake katika mambo ya ardhi ziondolewe, alinishika mkono.

“Rudia hapo,” alisema.

Nilirudia. Akataka tena. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, kurudia ndiyo kazi yangu.

Jumapili iliyofuata mjomba alituita wote nyumbani kwake. Tulipewa maziwa ya mursik, tukapewa na hotuba.

“Hii katiba inataka kutunyang'anya mashamba,” alisema. “Ukiwa na ekari mingi, serikali inakuja kupima na kukata. Hii boma yote ni red. Hakuna story ingine.”

“Watachukua shamba gani,” mama akauliza, “na mimi sina?”

“Wewe nyamaza. Wewe ni mgeni hapa.”

Mgeni! Katika boma alimozaliwa, akichota maji tangu akiwa hajaota meno ya utu uzima. Wajomba wengine waliangalia vikombe vyao. Sijawahi kuona wanaume wazima wakipenda maziwa kiasi hicho.

Kanisani nako hatukubaki nyuma. Akina mama walikuwa na vitambaa vya kichwa vya kijani, sare yao ya miaka mingi. Mchungaji, ambaye mimbari yake ilikuwa imegeuka jukwaa la Hapana, aliamuru vitambaa viwekwe kabatini mpaka kura ipite, kana kwamba Mungu angechanganyikiwa akihesabu. Wanawake wenye wajukuu wakatii. Mama yangu peke yake alivaa chake, akakaa benchi la mbele, na mchungaji akahubiri mahubiri mazima akiangalia dirisha.

Kituoni kwetu Hapana ilishinda vizuri sana. Nchi nzima ikasema Ndiyo. Nairobi walisherehekea, katiba ikatiwa sahihi, na mama hakungoja hata wiki iishe. Tulikwenda naye Plateau, tukamkuta mjomba akikamua.

“Kura imeisha,” mama alisema. “Sasa nipatie ekari yangu.”

Hakuinua kichwa. “Hiyo katiba ni ya Nairobi. Hapa haijafika.”

Chifu naye alitwambia twende tukaelewane nyumbani. Nilimsihi mama aende kortini, akakataa katakata. Hawezi, alisema, kumshtaki mtoto wa mama yake. Nilikasirika naye pia, na sijamaliza kukasirika.

Miaka ikapita. Binti wa mjomba, binamu yangu, akafukuzwa na mumewe. Walikuwa wamenunua shamba pamoja, pesa nyingi zikitoka kwenye mshahara wake, na jamaa za mume wakadai lote ni la kijana wao. Mjomba akatuita twende wote tukadai haki. Mama, kwa kuwa ni shangazi wa binti, ilibidi awepo.

Ndipo nilipomsikia mjomba kwa masikio yangu akisimama mbele ya wakwe.

“Katiba inasema mke na mume ni sawa,” alisema. “Iko wazi. Someni! Mtoto wa kike ana haki ya shamba.”

Aliitaja katiba kama mtu aliyeiandika kwa mkono wake. Niliuma midomo. Mzee wa upande wa pili, baba wa yule mume, alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yangu.

“Na wewe, Mama, dada ya huyu bwana. Kwenu ulipewa ngapi?”

Mjomba alianza kukohoa. Mama hakumngojea amalize.

“Hata ya kuchimba choo sijapewa.”

Mzee alitikisa kichwa polepole. “Basi mtangulie nyinyi. Siku mkimpimia huyu mama ekari yake, rudini, na sisi tutampimia msichana.”

Ilikuwa ekari moja. Moja tu, na binti yake wa kumzaa angepata shamba lake bila kesi. Njia nzima hadi nyumbani mjomba aliangalia mashamba ya watu, na mimi, mjinga mimi, nilidhani anafikiria wapi pa kukata.

Hadi leo hajarudi kwa wale wakwe. Binamu yangu amepanga chumba cha mabati mjini, ukuta mmoja na mama yangu.