Wimbo wa Kijapani wa Neema

Nisameheni, wasomaji wangu, kwa kunyamaza muda mrefu. Mjukuu wangu Neema amefariki, na leo msibani, hapa ugenini Schaerbeek, tumebishana juu ya wimbo.

Mama yake, binti yangu, anataka upigwe kanisani siku ya mazishi. Mchungaji ameniachia mimi uamuzi.

Ni wimbo wa kundi la wasichana wa Kijapani: magitaa ya roki juu ya mdundo wa disko. Mama yake aliuweka kwenye simu, tukausikiliza sote.

"Bon, hii ni makelele," akasema shemeji yangu. "Hata neno moja muntu haelewi."

"Hata Neema hakuelewaga, tonton," binti yangu akamjibu mjomba wake. "Alikuwa anachezaga tu."

Jibu langu nilikuwa nalo tayari: hapana.

Ndipo binti yangu akainuka, akaanza kucheza katikati ya waombolezaji. Hatua hizo alifundishwa na mtoto wake, jikoni.

Hakuna aliyecheka.

Wimbo ulipofika katikati, akasimama ghafla.

"Papa, hapa ndipo tulifikia. Ingine hakunifundisha."

Wimbo ukaendelea bila yeye. Hakuna aliyethubutu kuuzima.

Ninyi mngemjibu nini: upigwe kanisani au la? Nikishaamua, nitawaandikia.