Utepe Mwekundu wa Sajini

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana hapa Minjila hata akina mama wanaokwenda mtoni wakiniona wanakohoa kwanza, kho kho, kama alivyokuwa akikohoa mbwa wangu, halafu wanajifanya wanasafisha koo. Aibu yenyewe nilijitafutia kwa neno moja tu. Nilisema "hapana" mahali pa kusema "ndiyo".

Mbwa wangu aliitwa Sajini (jina msilicheke, alilistahili). Mahindi yangu yako karibu kabisa na mto, na nyani wa kule hawana adabu, lakini Sajini akibweka mara moja shamba zima linatulia. Basi akaanza kuishiwa damu, ufizi mweupe pe, hata kusimama hawezi, na daktari wa mifugo wa Garsen, dada mmoja mpole anaitwa Rehema, akaniambia kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia damu yake yenyewe, kwa hiyo atapewa vidonge vya kuilaza hiyo kinga. Nikampa kwa miezi kadhaa, nikivificha ndani ya tonge la ugali, tukipunguza kidogo kidogo kama alivyoagiza, mpaka vikaisha na Sajini akapona. Nilifurahi jamani, nilifurahi kama mtu aliyefufuliwa ndugu!

Daktari akaniandikia karatasi na kunisomea kabisa. "Baba Habona, vidonge vimeisha lakini kinga haijaamka vizuri, itachukua wiki kadhaa. Asichanjwe sasa, chanjo huenda isishike, na asikutane na mbwa wengine mpaka nimwone tena." Nikasema sawa daktari, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha ya dawa.

Sasa sikilizeni ujinga. Nilikuwa kwenye kamati ya malka, ile njia ya kupitisha ng'ombe katikati ya mashamba yetu kwenda kunywa maji mtoni, na sisi wakulima na wafugaji tulikuwa tumekubaliana kwamba mbwa yeyote atakayeonekana malkani bila utepe mwekundu wa chanjo ya kichaa atauawa. Nani alilileta wazo hilo? Mimi. Nani aligonga meza? Mimi tena. Kwa hiyo chanjo ilipotangazwa, siku ya nane tu tangu kidonge cha mwisho, nikawaza, watu watanionaje, mwenye sheria mbwa wake hana utepe? Ningemfunga nyumbani mwezi mmoja, yangeisha. Mke wangu alinishauri hivyo hivyo, nikamwambia mambo ya kamati hayajui.

Uwanjani mbwa walijaa, wengine wanakohoa, wengine makamasi yanawatiririka, na wote wananusana. Rehema hakuwepo, alikuwepo mwenzake ambaye hatujuani naye, akaniuliza, "Huyu yuko kwenye dawa yoyote, au ametoka kutumia?" Nikasema hapana, tena haraka. Sajini akachomwa sindano, akafungwa utepe shingoni, nikapewa kadi ya chanjo nikaitia kwenye ile bahasha ya dawa, nikarudi naye kifua mbele nikipita njia ndefu makusudi ili tuonekane.

Wiki ya pili akaanza kukohoa. Ya tatu macho yakajaa usaha, taya zikawa zinatetemeka zenyewe na mate yanamtoka, na jirani aliyechungulia uani akatoka mbio anapiga kelele kwamba mbwa wa Komora, yaani mimi, ana kichaa. Chifu akaita baraza. Rehema akasimamishwa mbele yetu kama mwizi.

"Mimi nauliza tu," akasema Mzee Barisa, mfugaji ambaye ng'ombe wake hupita kando ya shamba langu. "Mlisema hii utepe inazuia kichaa. Mbwa ya Komora iko na utepe, na iko na kichaa. Sasa sisi tunachanja ya nini? Yangu nimekata, nimetupa." Watu wakaitikia, kweli, kweli.

Rehema akajibu taratibu kwamba kwa alivyosikia, hiyo haifanani na kichaa, inafanana na ugonjwa mwingine ambao mbwa huambukizana wakikutana. Kisha akanitazama. "Baba Habona, ulimpeleka uwanjani?"

Pale ndipo ningesema, nikaomba radhi, mambo yakaisha. Badala yake nikasimama nikamfokea binti wa watu: "Dawa yenu mbovu! Nilimchanja, kadi hii hapa!" Nikaichomoa kadi kutoka kwenye bahasha, na ile karatasi nyingine ikatoka nayo, ikaanguka miguuni pa chifu. Chifu wetu hajui kusoma kimya kimya. Akaisoma yote, asichanjwe, asikutane na mbwa wengine, mpaka jina langu pale chini.

"Si nilimwambia!" akasema mke wangu kutoka upande wa akina mama, na baraza likaangua kicheko mpaka watu wakashikana mabega. Barisa peke yake hakucheka. "Komora," akasema, "mimi nimekata utepe kwa sababu yako." Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ile Rehema alikuja nyumbani, nikajua amekuja kunisema. Hakunisema. Alivaa glavu, akapiga magoti, akamsafisha Sajini macho. Nikamuuliza kama angepona iwapo ningesubiri. Akasema, "Pengine angekuwa na nguvu ya kupigana." Sajini alikufa siku ya tatu. Nilimzika kando ya mahindi, na nyani wakaingia wiki hiyo hiyo.

Sijafuga mbwa mwingine, wala sidhani nitaweza. Lakini kila chanjo ikija naenda, kwa sababu Rehema aliniomba nikae pale mezani niulize wenye mbwa lile swali. Juzi akaja jamaa mmoja wa kijiji cha pili na mbwa wake aliyekonda. Nikamuuliza, huyu yuko kwenye dawa yoyote, au ametoka kutumia? Akasema hapana, tena haraka.

Nikaweka kalamu chini, nikamuuliza mara ya pili.